Karakana Iliyojibu kwa Sauti Moja

Kila asubuhi, kabla chai haijaletwa, taifa letu lilijipanga mstari na kuulizwa hali yake. Nasema taifa kwa sababu tulikuwa na mipaka: kuta za karakana ya zamani ya useremala, wavu wa plastiki wa rangi ya chungwa, na kamba iliyofungwa kutoka kwenye mkaratusi hadi kwenye nguzo ya choo. Aliyekuwa ndani ya kamba hakutoka. Aliyekuwa nje hakuingia, isipokuwa wauguzi, nao waliingia wakiwa wamejifunika hata tusijue nani ni nani.

Tulikuwa wanafunzi wa internat moja, yaani shule ya bweni, iliyo juu ya kilima upande wa Bulengera, mjini Butembo. Ugonjwa wa mpox ulikuwa umeingia bwenini kwetu bila kuomba ruhusa, jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kulifanya akakosa adhabu. Ulianza na homa, ukafuata uvimbe wa shingoni, kisha vipele vikajaa usaha. Kila aliyeota vipele alihamishiwa karakana na kuambiwa akae humo mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya itokee chini yake. Hakuna aliyejua hiyo ingekuwa lini. Ukimwuliza muuguzi, alikwambia ungoje. Ukiliuliza gamba, halikujibu.

Kwa kuwa taifa haliwezi kukaa bila serikali, tuliunda moja. Issaka, mtoto wa msafirishaji wa Beni, alikuwa Waziri wa Maji, kwani ndiye peke yake aliyeweza kuinua bidoni, yaani dumu la maji, lililojaa bila kulia. Mimi, Malachie, nilikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, maana kitanda changu kilikuwa dirishani. Précieux, mdogo kuliko sisi wote, aliyekuwa hajamaliza hata mwaka wake wa kwanza wa sekondari, aliteuliwa kuwa Waziri asiye na Kazi Maalum, na aliifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa. Alikaa kitandani, kofia ya sufu ameivuta mpaka kwenye jicho, akimsikiliza kila mtu.

Dirisha langu lilikuwa na vyuma. Kupitia hapo niliuona uwanja wa mpira, wenzangu wakikimbia, na bonde lenye barabara nyekundu ambako pikipiki zilipanda kuelekea mjini zimebeba magunia ya makaa. Niliweza kuona kila kitu nisichoweza kukifikia. Wizara yangu ilikuwa chungu kuliko zote.

Sasa nieleze ile desturi ya asubuhi, maana bila hiyo mambo haya yasingetokea.

Madame Kavugho, muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha mtaa, alikuja akiwa na kalamu na karatasi yake. Alisimama nje ya kamba, barakoa usoni. Kando yake alisimama Mwalimu Salomon, msimamizi wetu wa nidhamu, mikono nyuma, kifua mbele.

"Batoto, mulilala muzuri?" aliuliza Madame.

"Muzuri, Madame," tuliitika kwa pamoja.

"Kuna mutu ako na shida?"

"Hapana, Madame."

"Chakula?"

"Muzuri, Madame."

Madame alitia alama mahali panapotakiwa, akatushukuru, akaenda kwa wagonjwa wengine. Mwalimu Salomon alitutazama kama kiongozi wa kwaya ambaye wimbo wake umepokelewa vizuri.

Ukweli ni kwamba chakula hakikuwa muzuri. Wengi wetu tulikuwa na vidonda mdomoni, na bugali lilipita kooni kama kokoto. Maji ya bidoni yaliisha kabla jua halijafika katikati, na sisi tuliambiwa tunawe mikono kila tunapogusa vipele. Tungenawa kwa maji gani? Lakini katika shule yetu mtu mzima akiuliza, wanafunzi hujibu pamoja, na jibu hujulikana kabla swali halijaisha. Anayejibu peke yake anaitwa "Monsieur Mimi". Mvulana mmoja alilalamika zamani kuhusu mawe katika maharage. Aliitwa Monsieur Mimi mpaka alipohamia shule ya Lubero, na tunasikia jina lilimtangulia kule.

Alasiri moja mvua ilinyesha kwa nguvu, bati likapiga kelele, na uwanja wangu wa nje ukafutika kabisa. Watu walianza kugombana kwa sababu ya blanketi. Nikaona serikali inakaribia kuanguka. Basi nikajifunika shuka mwili mzima, nikafunga taulo usoni, nikashika mswaki kama kalamu, nikasimama katikati ya karakana.

"Batoto," nilisema kwa sauti ya Madame Kavugho, "mulilala muzuri?"

"Muzuri, docteur," waliitika.

"Mamba ile iko chini ya vitanda, inawasumbua?"

"Hapana, docteur."

"Mulikula misumari yote?"

"Ndiyo, docteur. Ilikuwa muzuri."

Walicheka mpaka waliokuwa na vidonda vya mdomo wakashika mashavu. Nilianza kupita kitanda kwa kitanda, nikiwapima mapigo ya moyo kwenye vidole vya miguu. Nilipomfikia Précieux, nikainama kwa heshima zote za taaluma yangu.

"Na Mheshimiwa Waziri, iko na shida gani?"

Nilitegemea kiitikio. Précieux akashika ukingo wa kofia yake.

"Docteur," alisema taratibu, "hii jicho ya kushoto haione muzuri. Ni kama kuko moshi ndani."

Wenzetu walicheka, kisha wakaacha. Nilishusha taulo. Nikamvua ile kofia ambayo sote tulidhani aliivaa kwa sababu ya baridi. Kope la kushoto lilikuwa limevimba, lina kipele ukingoni, na jicho lenyewe lilikuwa jekundu kama nyanya.

Issaka akashika kichwa. Alimwuliza kama alijikuna vipele halafu akagusa jicho. Précieux akasema labda, usingizini. Kisha akatushika mikono sote wawili na kutuomba tusimwambie mtu yeyote mzima.

Sababu aliieleza akiwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Alipokuwa mdogo, wakati wa Ebola kule Beni, watu waliovaa nguo nyeupe toka kichwani mpaka miguuni walimchukua koko yake, yaani bibi yake mzaa mama. Walimpandisha kwenye gari. Hawakusema majina yao. Mama yake aliuliza wanampeleka wapi na lini atamwona, akaambiwa angoje nyumbani. Aliyefuata kuja alikuja kusema kuna mazishi, na wayaangalie kwa mbali. Tangu siku hiyo mama yake Précieux akiona gari jeupe huingia ndani.

"Madame akiona hii jicho, watanipeleka hospitali kubwa," alisema.

"Na usipopelekwa?" Issaka alimwuliza. "Unafikiri jicho itakungojea?"

"Yaya Issaka," alisema, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa, "heri jicho moja na mama yangu, kuliko macho mbili kule ndani."

Tukaapa, na tulipoapa nikaona karakana imekuwa ndogo zaidi. Kwanza tulifungiwa na kamba, sasa tulijifungia wenyewe kwa mdomo.

Asubuhi iliyofuata niliamka nimeamua. Nisingetaja jicho, lakini ningesema kitu chochote, hata maji tu, ili Madame akae zaidi, aangalie nyuso zetu na pengine aone mwenyewe. Nilitayarisha sentensi nzuri yenye mwanzo na mwisho. Madame akauliza kama kuna mtu mwenye shida. Nikafungua kinywa, na kinywa kikasema, pamoja na wengine wote, "Hapana, Madame." Tena nililivuta neno la mwisho vizuri kuliko wote. Mwalimu Salomon akanitikisia kichwa kunipongeza.

Siku hiyo Précieux alimimina chai pembeni ya kikombe. Aliitazama chai ikichuruzika sakafuni, akasema imeruka yenyewe. Hakuna aliyemtania.

Nilimfuata Issaka kwenye bidoni. Tulinong'ona kwa muda mrefu, na mara mbili tulikaribia kupigana. Yeye alitaka kuvunja kiapo, akisema baba yake humwambia kwamba dereva anayeona breki haishiki na kunyamaza anawaua abiria wake. Mimi nilisema Précieux akisalitiwa ataficha na jicho la pili. Mwishowe tukagundua kwamba kuna jambo ambalo hatukuapa. Tuliapa kutosema. Hatukuapa kuitika.

Niliitisha kikao cha serikali. Sikuwaeleza habari ya ushujaa, kwa sababu wavulana wa shule yetu wanauogopa ushujaa, ila mchezo hawaukatai. Nikawaambia kesho tutamfanyia Mwalimu Salomon mchezo ambao hajawahi kuuona: atauliza, na kwaya yake haitaimba. Wakakubali kwa furaha. Précieux naye alikubali, akidhani ni mchezo tu.

Asubuhi ikafika. Madame Kavugho alisimama mahali pake na kuuliza kama tulilala vizuri.

Kimya.

Aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Akauliza tena. Kule bondeni pikipiki moja ilikuwa inapanda, nasi tuliisikia mpaka ilipobadilisha gia. Mwalimu Salomon akakohoa, akatuanzishia jibu kwa midomo bila sauti, kama mtu anayemfundisha mtoto kunywa uji. Kimya. Sasa haukuwa mchezo tena.

"Malachie," alisema Mwalimu Salomon, "hii ni kazi yako."

Kwa haki ya Mungu, alikuwa na sababu nyingi za kuanza na mimi.

"Mwalimu," nilisema, "kila siku munauliza sisi wote. Sisi wote hatuna shida. Mais Madame, hakuna mutu anaitwa Sisi Wote. Kitandani tunalala mumoja mumoja."

Nilingoja adhabu. Mwalimu Salomon alikuwa tayari kuitaja, lakini Madame Kavugho alikuwa amekwisha kuifunga kalamu yake. Alimwomba kwa heshima aende akaangalie maji ya karakana huletwa mara ngapi kwa siku. Mwalimu aliondoka kama mchungaji aliyeombwa kutoka katika kanisa lake mwenyewe.

Madame akachukua ndoo tupu, akaipindua, akaiweka mbali kidogo na kamba na kuikalia. Sasa macho yake yalikuwa chini ya macho yetu. Akashusha barakoa. Hatukuwahi kuiona sura yake. Alikuwa na pengo katikati ya meno ya mbele, na alikuwa amechoka kuliko tulivyodhani.

"Sitauliza tena kama muko na shida," alisema. "Nitauliza kila mutu kwa jina lake. Kama ungekuwa mimi, leo ungebadilisha nini?"

Mwanzoni hakuna aliyejua afanye nini na swali la namna hiyo. Kisha Issaka akasema maji. Mwingine akasema bugali, na kwamba mwenye vidonda mdomoni angeweza kunywa uji. Mwingine akaomba mlango wa choo urekebishwe, akaeleza kwa nini, na maelezo yake nitayaacha. Mwingine alitaka wazazi wapewe habari kwa simu, kwa sababu mama yake aliambiwa sokoni kwamba amekufa. Madame hakumkatiza yeyote. Alipofika kwa Précieux, alilitamka jina lake na kungoja.

Précieux alitazama chini. Mimi na Issaka tulitazama dari, tukiogopa hata macho yetu yasivunje kiapo.

"Madame," alisema Précieux, "wale munapelekaka hospitali kubwa, wanarudi?"

Mtu mwingine angesema ndiyo haraka haraka. Madame Kavugho alifikiri.

"Wengi wanarudi," alisema. "Mumoja mumoja harudi. Sitakudanganya. Mais wanaochelewa njo wanaumia zaidi. Nani alikwenda, asirudi?"

Hapo Précieux akamwambia habari za koko yake. Alizieleza zote, pamoja na gari na mama yake kuambiwa angoje. Alipomaliza akavua kofia.

Madame alisimama haraka, kisha akajizuia, akakaa tena. Alimwuliza jicho linauma tangu lini na anaona nini. Akamwambia wazi kwamba ugonjwa huu ukiingia jichoni unaweza kuharibu uwezo wa kuona, kwamba kituo chake hakina dawa ya jicho la namna hiyo, na kwamba mjini kuna daktari wa macho. Précieux alianza kulia bila sauti.

"Sikia, mutoto wangu. Koko yako hawakumuuliza. Mimi niko nakuuliza. Unataka tufanye nini, ili uende bila woga?"

Précieux alijipangusa machozi kwa mkono, na Madame akamkumbusha asiguse jicho. Kisha Précieux akasema anataka mambo matatu. Mama yake aambiwe sasa, kabla hajaondoka, si baadaye. Watakaomchukua waonyeshe nyuso zao kwanza na kusema majina. Na kule hospitalini alazwe mahali ambapo mama yake anaweza kumwona, hata kama ni kupitia kioo.

Madame alisema mawili ya kwanza anayaahidi, la tatu lazima aombe. Akapiga simu hapo hapo, mbele yetu, na tukamsikia akiomba, akikataliwa, na kuomba tena kwa sauti ambayo Mwalimu Salomon hutumia kwetu. Alipokata simu, akasema kuna chumba chenye dirisha upande wa ua.

Kuhusu mama, alikwisha kupigiwa simu, ikabaki safari ya kutoka Beni, na barabara hiyo si kila siku inapitika kwa amani. Issaka aliomba simu, akaongea na baba yake. Gari lake la abiria lilikuwa linajiandaa kuja Butembo. Mama yake Précieux akapewa kiti cha mbele, kando ya dereva.

Wakati huo Mwalimu Salomon alirudi. Alikuwa amebeba mabidoni mawili yeye mwenyewe, viatu vyake vikiwa na tope mpaka kwenye kamba zake. Akayaweka chini mbele ya uzio.

Mama alipofika, alisimama nje ya kamba na kumwita mwanawe kwa Kinande, nami sitayaandika maneno yake, yalikuwa yao. Wauguzi wawili walisimama kando ya gari bila barakoa. Mmoja alisema anaitwa Bénite na anatoka Bulengera, mwingine alisema anaitwa Kambale na kwamba anamfahamu mjomba wa Précieux. Waliandika majina yao kwa kalamu nene kifuani mwa nguo zao, ndipo wakajifunika. Précieux aliyasoma mara mbili kwa jicho lake zima. Kisha akatembea mwenyewe mpaka garini, mama yake akitembea sambamba naye upande wa pili wa uzio.

Gari liliteremka. Nililifuata dirishani mpaka barabara ilipolimeza, na nikaendelea kushika vyuma baada ya hapo. Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Uji ulikuja, maji yalikuja asubuhi na jioni, mlango wa choo ukapata bawaba. Lakini kitanda cha Précieux kilikuwa kitupu, na kila mtu alijifanya hakitazami. Ingekuwaje kama tuliyemshawishi kwa kimya chetu hangerudi? Issaka alisali sala zake, mimi nikasali zangu, na hatukuulizana tuliomba nini.

Madame Kavugho alituletea habari kila asubuhi, nzuri na mbaya. Siku moja jicho lilizidi kuvimba, akatuambia. Siku nyingine uvimbe ukapungua, akatuambia pia. Mwisho akaja akiwa anacheka, pengo lote nje. Jicho limepona, ila pembeni pamebaki ukungu mdogo ambao huenda usitoke. Daktari alisema kama angechelewa kidogo tu, kusingekuwa na la kuokoa.

Précieux alirudi wakati magamba yetu ya mwisho yalikuwa yameanguka. Kamba ilikuwa inakunjwa. Madame alituita kabla hatujatawanyika.

"Nataka niwaambie kitu," alisema. "Ile 'hapana' yenu ya kila asubuhi ilinifurahisha, kwa sababu ilinifanya nimalize kazi mbio. Nilikuwa nauliza ili nijaze karatasi. Sikuuliza ili nisikie. Hilo ni kosa langu. Na ninyi mulijibu ili mupendeze, hilo ni kosa lenu. Mimi ninajua dawa, donc munisikilize: munawe mikono, musijikune, musifiche ugonjwa. Mais mugonjwa njo anajua anaumia wapi na anaogopa nini. Asiposema, na asipopewa nafasi ya kusema, dawa inafika pahali pasipo kidonda. Kituo cha afya ni cha watu wote wa mtaa. Mwenye kulala kitandani ako na haki ya kuulizwa kama yule mwenye kusimama."

Akatuambia kamati ya afya ya mtaa, yenye wazazi, viongozi wa makanisa na wa msikiti, imekubali kwamba tangu sasa kila mahali pa kutenga wagonjwa pawe na mgonjwa mmoja anayehudhuria kikao chake, hata kama ni kwa simu. Précieux alialikwa kwenye kikao cha kwanza. Nimesikia aliongea mpaka mwenyekiti akaomba kikao kiahirishwe kwa ajili ya chakula.

Nilikuwa nakunja blanketi langu, wa mwisho ndani ya karakana, wakati Mwalimu Salomon alipoingia. Alizunguka kidogo, akagusa vyuma vya dirisha langu kana kwamba anavipima.

"Malachie," alisema, "na mimi? Kule bwenini, wanafunzi wangependa nibadilishe nini?"

Nilikuwa nimeingojea siku hiyo tangu nilipoingia internat. Nilikuwa na majibu ya kutosha kujaza ubao, mengine ya kuchekesha sana. Nilimtazama. Alikuwa amesimama mikono mbele, hajui aiweke wapi, na alikuwa anangoja kweli.

Nikamwomba anipe mpaka kesho, nikawaulize wenzangu, mmoja mmoja.